Huzuni Ikipimwa kwa Mizani

Kuna mashairi ambayo hayafai kusomewa mtu aliyefiwa jana. Ni mashairi mazuri, vina vimepangika, ujumbe wake ni wa kweli: kwamba baada ya dhiki huja faraja, kwamba hata usiku uwe mrefu vipi kutakucha, kwamba aliyeondoka ametutangulia tu na sote njia yetu ni hiyo. Mdogo wangu alipofariki nilitumiwa mengi ya namna hiyo. Walionitumia walinipenda, hilo sina shaka nalo hata kidogo. Lakini kila nilipofungua moja, upweke ulizidi. Yule anayesema ndani ya shairi alikuwa ameshavuka, yuko ng'ambo na nguo zake kavu, ananiita nije. Mimi bado maji yako shingoni na sijui hata ufuko uko upande gani.

Shairi la kwanza lililonifaa halikuwa na faraja hata chembe. Lilikuwa ombolezo la zamani, ndani ya kitabu kilichokaa rafuni miaka mingi bila kuguswa. Mshairi hakuwa akinifundisha chochote. Alikuwa akimwuliza marehemu maswali ambayo mtu mzima huona haya kuyauliza mbele za watu: maneno yote haya niliyokuwekea, sasa nimwambie nani? Nilisoma nimesimama, nikakaa, nikarudia. Halafu nikalia kilio ambacho siku za msiba hakikutoka, maana siku zile nilikuwa na kazi ya kupokea wageni. Usiku ule nililala.

Tofauti kati ya mashairi yale niliyotumiwa na hili nililolikuta rafuni ndiyo iliyonifanya nitake kuandika. Watu husema kusoma kunatuliza, mashairi ni tiba, andika utapona. Ni kweli, lakini ni kweli kwa namna yake, na anayeambiwa hivyo bila kuelezwa namna atajaribu jioni moja, ataona hakuna kitu, ataacha. Kisha atabaki na shaka kwamba labda moyo wake ndio mbovu.

Mwaka 1959, katika Hospitali ya Cumberland huko Brooklyn, New York, kilianzishwa kikundi cha wagonjwa waliokuwa wakikutana kusoma mashairi kama sehemu ya matibabu. Aliyekiongoza, Eli Greifer, alikuwa mshairi, na waliomsimamia walikuwa madaktari wa magonjwa ya akili, mmoja wao Jack Leedy. Miaka kumi baadaye, 1969, Leedy alitoa kitabu juu ya kazi hiyo. Kanuni aliyoisisitiza ni hii: mchagulie mgonjwa shairi linalofanana na hali yake ya sasa. Mwenye huzuni mpe shairi la huzuni. Kwa mtu aliye nje jambo hilo linaonekana la ajabu, kama vile unamwongezea mzigo aliyeelemewa. Lakini mwenye huzuni anaposoma shairi la huzuni anapata kitu ambacho rafiki mchangamfu hawezi kumpa. Anapata ushahidi kwamba kuna mtu mwingine aliyefika hapa alipo yeye, akapatazama vizuri, na akaweza kupasema.

Leedy aliweka sharti, na sharti hilo mara nyingi husahaulika. Shairi lifanane na hali ya msomaji, lakini lisiwe limekata tamaa kabisa, wala lisimwongezee hatia, wala lisikipambe kifo kikaonekana pumziko. Lianzie alipo yeye, kisha lisogee japo hatua moja.

Mfano bora ninaoujua wa sharti hilo ni wa mtu ambaye hakuwa mshairi kabisa. John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza, alilelewa na baba yake kwa masomo tu tangu utotoni: Kigiriki, hesabu, mantiki, uchumi. Mwaka 1826, akiwa na miaka 20, alijikuta hafurahii kitu chochote. Alijiuliza kama angefurahi iwapo mabadiliko yote ya jamii aliyokuwa akiyapigania yangetimia siku ile ile, na moyo ukamjibu waziwazi kwamba hapana. Akaendelea na kazi zake kwa mazoea, ndani amekufa ganzi. Nafuu ya kwanza ilimjia akisoma kumbukumbu za maisha za Mfaransa mmoja, Marmontel, kwenye ukurasa ambapo mwandishi, angali kijana mdogo, anafiwa na baba na kuwaahidi ndugu zake kwamba atakuwa kila kitu kwao. Mill alilia. Alipojiona analia akajua kwamba hajawa jiwe.

Baadaye aliwajaribu washairi. Alianza na Byron, akitumaini kwamba mtu mwenye huzuni kubwa namna ile atamwelewa. Hakupata kitu. Anasema mwenyewe katika tawasifu yake kwamba hali ya mshairi yule ilifanana mno na yake. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezichosha raha zote akabaki na uchovu. Mwaka 1828 akamsoma Wordsworth, na hapo ndipo alipopata dawa. Neno dawa ni lake mwenyewe. Wordsworth naye alikuwa amepita kwenye upotevu wa furaha ya ujana, lakini katika mashairi yake alikuwa ametafuta njia ya kuishi baada ya hapo, na alikuwa akimwonyesha msomaji njia hiyo kwa hisia, si kwa mahubiri.

Nikisoma habari hizo za Mill najua kwa nini ombolezo lile la rafuni lilinifaa. Halikuwa giza tupu. Mshairi alikuwa anauliza maswali, na anayeuliza bado anatazamia kusikilizwa. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniomba shairi la kumpelekea mwenye majonzi, kwanza natazama linapoanzia, halafu natazama linapoishia. Mengi ya mashairi ya pole yanaanzia mwisho.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoshauri watu wasome hawalisemi. Mtu mwenye huzuni nzito hawezi kusoma. Macho yanapita juu ya mistari, ukurasa unageuzwa, na akiulizwa amesoma nini hana jibu. Msongo huchukua nafasi ile ile ya akili ambayo hutunza sentensi ya kwanza wakati unasoma ya tatu. Kwa hiyo kumpa mtu huyo riwaya ya kurasa mia nne ni kumpa sababu ya kujiona ameshindwa tena. Ubeti mmoja anauweza. Unaanza na kuisha kabla akili haijatoroka, na ukiisha umeisha. Hakuna deni la kurasa zilizobaki.

Na ubeti usomwe kwa sauti. Hapa nasisitiza kwa nguvu zangu zote, maana nimeona tofauti yake. Kusoma kwa macho kunamwacha mtu kichwani mwake, na kichwani ndiko kwenye vurugu. Kusoma kwa sauti kunamlazimisha kupumua. Ushairi wetu wa arudhi, yaani ule unaofuata kanuni za vina na mizani, una mshororo wenye vipande viwili, ukwapi na utao, kila kimoja mizani nane, yaani silabi nane, kwa kawaida; unavuta pumzi, unasema kipande, unapumzika kidogo, unasema cha pili, unavuta tena. Huwezi kuukimbiza bila kuuharibu. Mwaka 2004 watafiti wa Ulaya wakiongozwa na Dirk Cysarz walichapisha vipimo vya watu waliokuwa wakighani ushairi wa Kigiriki wa kale, wenye mishororo mirefu iliyokatika katikati, na wakaona mapigo ya moyo na pumzi vikianza kwenda pamoja, jambo ambalo kwa mtu anayepumua kivyake halikuonekana kwa kiasi kile. Sisemi mshororo wetu ni sawa na wao. Muundo ni mwingine. Nasema kwamba yeyote aliyewahi kughani tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, kutoka mwanzo hadi mwisho anajua mabega hushuka kufikia ubeti wa tatu.

Njia yangu ilikuwa hii. Nilichukua ubeti mmoja nikaunakili kwa mkono kwenye daftari. Kunakili kunapunguza mwendo. Mkono hauwezi kuruka neno. Kisha niliusoma kwa sauti mara kadhaa, mlango umefungwa, na nikapigia mstari mahali paliponisimamisha. Sikujiuliza mshairi alimaanisha nini. Hilo ni swali la mtihani, na nadhani shule imewafukuza watu wengi kwenye mashairi kwa swali hilo moja. Nilijiuliza tu: hapa pameniuma kwa nini? Wanaoongoza vikundi vya tiba ya mashairi huanza hivyo hivyo, kwa kumwuliza kila mmoja ni mstari gani uliomgusa. Watu kumi watataja mistari kumi tofauti ya shairi lile lile, na kila mmoja atakuwa ametaja jambo lake mwenyewe bila kulazimishwa kulikiri.

Kuandika kulikuja baadaye, na kulikuja kwa shida.

Utafiti unaotajwa sana kuhusu kuandika ni wa James Pennebaker na Sandra Beall, uliochapishwa Marekani mwaka 1986. Waliwaomba wanafunzi wa chuo waandike dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Wengine waliandika mambo ya kawaida tu, wengine waliandika juu ya tukio lililowaumiza kuliko yote maishani. Miongoni mwa hawa wa pili, wapo walioambiwa waeleze tukio bila hisia, wapo walioambiwa waeleze hisia bila tukio, na wapo waliounganisha vyote viwili. Katika miezi iliyofuata, waliounganisha tukio na hisia ndio waliokwenda kituo cha afya mara chache kuliko wenzao. Lakini mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao. Nawaomba wasomaji wangu walishike hilo. Ukiandika leo ukaamka kesho umevimba macho, haina maana kwamba umejidhuru.

Pennebaker na wenzake walirudi baadaye kuyachambua maneno yenyewe. Walionufaika zaidi ni wale ambao, kadiri siku zilivyokwenda, maneno kama "kwa sababu" na "sasa naelewa" yaliongezeka katika maandishi yao. Siku ya kwanza ni vipande vipande vya maumivu; siku ya mwisho pana kisa chenye mwanzo na sababu. Aliyeandika siku ya nne kile kile alichoandika siku ya kwanza, kwa maneno yale yale, hakupata mengi.

Na hapa ndipo ushairi wa mizani ulinipa kitu ambacho daftari la kawaida halikunipa. Katika daftari nilikuwa nikizunguka. Nimeumia, nimeumia sana, siamini, nimeumia. Hakuna kitu kinachomzuia mtu kuandika hivyo kurasa na kurasa. Lakini mshororo una silabi kumi na sita, basi. Unapotafuta neno la silabi tatu linaloishia na kina unachokitaka, akili inaacha kuzunguka na inaanza kutafuta. Unahesabu kwa vidole huku machozi yanatoka. Wanaoandika kwa arudhi wanajua ninachosema.

Mshororo wangu wa kwanza ulikuwa huu:

Nina huzuni moyoni, huzuni isiyokwisha

Mizani imetimia, nane kwa nane. Lakini ni mshororo wa kila mtu. Unaweza kuandikwa na mtu aliyefiwa, aliyeachwa na mpenzi, au asiye na huzuni yoyote ila ana shindano la mashairi. Hakuna mdogo wangu mle ndani. Nikaukata. Nikajiuliza, huzuni yenyewe iko wapi, nikiinyooshea kidole? Ilikuwa mlangoni, pale vilipokuwa viatu vyake, ambavyo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuviondoa. Nikaandika "viatu viko mlangoni", nikahesabu, ikawa tisa. Nikaondoa silabi moja, "viatu vi mlangoni", na mshororo ukakaa. Baada ya hapo vitu vingine vikaja vyenyewe:

Viatu vi mlangoni, vumbi nimelipangusa,
Simu yako i kitini, naichaji hadi sasa,
Jina li mwangu kinywani, kulitaja hunitesa,
Moyo wangu nifanyeni, nawe umeshanitosa.

Siuleti ubeti huu kama kazi ya kupigiwa mfano. Nauleta kwa sababu ya mshororo wa pili. Simu ile nilikuwa nikiichaji kila ilipokaribia kuzima, na sikuwa nimemwambia mtu. Hata mimi mwenyewe sikuwa nimejiambia. Mkono ulikuwa ukifanya tu. Niliijua kuwa ni huzuni pale nilipokuwa natafuta kitu cha kuishia na "sa". Kina ndicho kilichoitoa.

Kuna maelezo ya kisayansi yanayokaribiana na hilo. Matthew Lieberman na wenzake, mwaka 2007, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira au hofu huku wakipima shughuli za ubongo. Walipotakiwa kuitaja hisia kwa neno, sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari ilipoa kuliko walipotakiwa kutaja kitu kingine kisichokuwa hisia. Kuipa hisia neno kunaituliza kidogo. Mimi ningeongeza kutokana na yale niliyoyapitia kwamba "huzuni" peke yake ni neno pana mno. Kilichonituliza ni vumbi la viatu.

Mshororo wa nne nao una historia ndefu kuliko mimi. Kusema na moyo wako, ukauita, ukaulaumu, ukauuliza, ni desturi ya washairi wetu tangu kale. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, wote umejengwa juu ya jambo hilo: mshairi anaukabili moyo wake na kuuonyesha majumba ya Pate, mji wa kale wa pwani ya Kenya, yaliyokuwa na taa na wenyeji watukufu, sasa ni magofu, na anauuliza mbona hauzinduki. Utenzi wenyewe ni mawaidha ya dini, haukuandikwa kuwa tiba. Lakini tazama anachokifanya mshairi: anasimama pembeni ya moyo wake. Kwa mtu ambaye moyo umemmeza mzima, kule kuweza kusema "wewe moyo" tayari ni nafasi ya kupumua. Mwaka 2014 mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake walionyesha kwamba watu wanaojisemesha kwa kutumia jina lao au "wewe", badala ya "mimi", hukabili jambo la kutisha kwa wasiwasi mdogo zaidi. Nilipoyasoma matokeo hayo niliwaza jinsi washairi wa pwani walivyokuwa wakifanya hivyo kwa karne nyingi, na kwa vina.

Mwana Kupona binti Msham naye simsahau. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, maradhi yamemshika mwaka mzima, alimtungia binti yake utendi. Anamwita asogee, achukue wino na karatasi, kwa kuwa ana maneno moyoni anayotaka kumwambia. Watu hubishana juu ya mawaidha yaliyomo, hasa yale ya ndoa, na wana haki ya kubishana. Mimi hunishika pale mwanzoni, mama anayejua hana muda mrefu anapochagua beti zenye vina, ambazo mtoto anaweza kuzihifadhi kwa kichwa, ziwe zake akiwa popote. Huenda hata yeye mwenyewe zilimshikilia wakati anazitunga. Napenda kuamini hivyo.

Na Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka aliouandika wa kuikosoa serikali, alitunga gerezani mashairi yaliyokuja kutoka 1973 kama Sauti ya Dhiki. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ametengwa na wafungwa wenzake, na alichokuwa nacho cha kuandikia ni karatasi za chooni. Tunapenda kuyasoma mashairi hayo kama siasa, nayo ni siasa kweli. Lakini yasome usiku ambao wewe mwenyewe umefungiwa ndani ya jambo usiloweza kulitoka, utasikia kitu kingine: mtu anayelinda akili yake isivunjike, mizani kwa mizani.

Nimesema sana juu ya kuwa peke yako na ubeti. Upande wa pili wake ni kumsomea mtu.

Mama yangu hakuwa akilitaja jina la mdogo wangu. Sote nyumbani tulikuwa tumezoea kulizunguka, tunasema "wakati ule" na kila mtu anajua ni wakati gani. Jioni moja nikamwambia, "Mama, kuna kitu nimeandika. Nikusomee?" Akasema, "Soma mwanangu." Nikasoma ubeti ule, sauti inanitetemeka. Akanyamaza kidogo. "Rudia hapo pa simu," akasema. Nikarudia. "Kumbe ni wewe unaichaji," akasema mama. "Mimi huwa naipiga. Nilikuwa nashangaa bado inaita."

Simu ile nilikuwa nimeinyamazisha na kuilaza kifudifudi, sikuwa natazama nani amepiga. Tuliongea usiku ule hadi tukachoka, na jina likatajwa mara nyingi, na tukacheka pia, maana mdogo wangu alikuwa na vituko. Sidhani kama ningeweza kumwuliza mama moja kwa moja, "Je, unaendeleaje na msiba?" Angenijibu kwamba anamshukuru Mungu. Ubeti ulimpa kitu cha kunyooshea kidole.

Uingereza, mwalimu wa fasihi Jane Davis alianzisha vikundi vya aina hiyo katika eneo la Liverpool miaka ya mwanzo ya 2000, watu wa kila namna wakikaa pamoja, mmoja anasoma kwa sauti, wanasimama, wanaongea au wananyamaza, wanaendelea. Hakuna anayelazimishwa kusoma wala kusema. Taasisi aliyoianzisha inaitwa The Reader. Napenda zaidi kwamba pale wanasoma fasihi hasa, mashairi na riwaya kubwa, bila kumdharau msomaji kwa kumpa kitu chepesi eti kwa kuwa anaumwa.

Kuna pia vitabu vya kujisaidia, na sivikatai. Huko Cardiff, Wales, mwanasaikolojia Neil Frude alianzisha mwaka 2003 utaratibu wa daktari kumwandikia mgonjwa kitabu, akakichukue maktaba kama anavyochukua dawa duka la dawa. Mwaka 2013 utaratibu wa namna hiyo ukaanza kutumika England. Kwa sonona isiyo kali, kitabu kizuri kinachomfundisha mtu hatua za kuyapima mawazo yake kina ushahidi wa kusaidia. Lakini ni kazi tofauti. Kile kinafundisha. Shairi linakaa nawe.

Sasa yale ya tahadhari, nayo nayasema kwa uzito ule ule. Mwaka 2006 Joanne Frattaroli alikusanya majaribio 146 ya kuandika juu ya hisia na kuyachambua kwa pamoja. Faida ipo, lakini kwa wastani ni ndogo. Wapo waliosaidika sana, wapo ambao haikuwagusa. Ukijaribu ukaona hakuna kitu, huna kasoro. Tena ukiona kila unapoandika unarudi kisima kile kile, mwezi baada ya mwezi, maneno ni yale yale na giza linazidi, acha. Funga daftari, ukaongee na mtu. Na kama mawazo ya kujiua yameanza kukujia, mashairi si mahali pa kuanzia: mwambie mtu wa karibu leo, nenda hospitali, mtafute mshauri nasaha au daktari wa akili. Mashairi yatakusubiri. Baadhi ya mashairi mazuri sana yamekipamba kifo, na kwa mtu aliye katika hali hiyo uzuri wake ndio hatari yake.

Sikubaliani pia na wanaosema andika juu ya msiba siku ile ile ulipotokea. Siku za mwanzo mtu anahitaji kulala na kuwa na watu karibu. Kidonda kibichi hakichokonolewi kwa kalamu. Mimi niliweza kutunga mshororo baada ya muda mrefu kupita, na kabla ya hapo kusoma kulitosha.

Swali ninaloulizwa zaidi ni la wale ambao tayari wameandika: wafanye nini na karatasi zao? Washiriki wa majaribio mengi ya Pennebaker waliandika bila kujitambulisha kwa majina, na hawakuwa wakiandika ili wasifiwe. Nadhani hilo ni la muhimu kuliko linavyoonekana. Ubeti ulioandikwa kwa ajili ya kupona ukiwekwa mtandaoni usiku ule ule, kesho yake unaamka kuangalia ni wangapi wameupenda, na wakiwa wachache unaumia upya juu ya maumivu ya kwanza. Au anatokea mtu wa kukusahihisha mizani. Uweke kwanza. Ukitaka asikie mtu, mchague mmoja aliyemjua unayemlilia, au anayekujua wewe, na usimtumie kwa ujumbe. Msomee mwenyewe, kwa sauti yako, kisha umwachie nafasi aseme ni wapi pamemsimamisha.